Sumu ya Bustanini na Dhima ya Mwenye Bustani

Paka anayejilamba manyoya yaliyodondokewa na chavua ya yungiyungi anaweza kuharibikiwa figo kabisa ndani ya siku tatu. Mbwa akilitafuna ua hilohilo, kwa kawaida hutapika na kupona. Kwa chokoleti nyeusi mbwa ndiye mwenye hatari: kipande ambacho mtoto hukila akaomba kingine kinaweza kuupeleka mbio moyo wa mbwa mdogo hadi ushindwe kazi. Tabibu Paracelsus wa Uswisi aliandika mwaka 1538 kwamba kipimo ndicho kinachokifanya kitu kuwa sumu. Kanuni hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwili unaopokea. Pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ina viini vinavyoangamiza wadudu na kumdhuru binadamu kidogo sana. Wakemia wa Uingereza waliviiga viini hivyo, na katika miaka ya 1970 wakapata permethrini, dawa ambayo mbwa huivumilia. Paka haiwezi. Ini lake lina upungufu wa njia ya kuzivunja kemikali za aina hiyo, naye akiipata kwa wingi hutetemeka, hushikwa na degedege, na asipotibiwa huweza kufa.

Bustani ya nyumbani imejaa vitu vya namna hii, na vingi havina sura ya sumu. Magamba ya kakao, ambayo Ulaya na Marekani hutumika kama matandazo ya kuhifadhi unyevu, hunukia chokoleti hasa yakishanyeshewa mvua, na yana theobromini ileile iliyomo kwenye chokoleti. Baada ya saa 17 hivi nusu yake ingali katika damu ya mbwa. Mashudu ya mbarika hutumika kama mbolea. Mafuta ya mbarika yenyewe hayana risini, kwa kuwa sumu hiyo hubaki kwenye mashudu, na yasipopashwa moto wa kutosha hubaki nayo mpaka shambani. Yakichanganywa na unga wa mifupa hupata harufu ambayo mbwa hawezi kuipita. Mboji yenye mkate na jibini vilivyoota ukungu huzalisha sumu ya mishipa ya fahamu. Kisha kuna chambo cha konokono: punje ndogo za buluu au kijani zilizotawanywa chini ya majani ya mboga. Kinachoua ndani ya chambo cha aina ya zamani ni metaldehidi, lakini sehemu kubwa ya punje ni unga wa nafaka au pumba, pengine na molasi, maana konokono lazima avutwe. Mbwa naye huvutwa na hayohayo. Saa chache baadaye misuli hukakamaa na joto la mwili hupanda kupita kiasi. Watengenezaji wengine hutia kichungu kiitwacho denatoniamu, kilichogunduliwa Uskoti mwaka 1958, lakini mbwa mlafi huwa amekwisha kumeza kabla ulimi haujamjulisha kitu.

Swali la kimaadili linaanzia hapo. Mtu aliyetandaza magamba ya kakao alitaka maua yasikauke, na aliyemwaga chambo alitaka kuokoa kabichi zake. Hakuna aliyemtakia mbwa mabaya, na pengine mbwa mwenyewe ni wa nyumba hiyohiyo na anapendwa kuliko kabichi. Hata hivyo amekufa kwa kitu kilichowekwa na mkono wa mtu. Je, mkono huo una dhima? Watu hujitetea kwa kauli tatu ambazo kila jirani amewahi kuzisikia: amekula mwenyewe, sikukusudia, bustani ni yangu. Zote tatu ni za kale kuliko chambo chochote, na wanazuoni wa dini na falsafa wamezipima kwa muda mrefu.

Kauli ya kwanza ndiyo iliyochambuliwa kwa kina zaidi, hasa na wanasheria wa dini. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaja mtu aliyechimba shimo au aliyelifunua asilifunike, akatumbukia ng'ombe au punda wa mwenziwe. Mwenye shimo hulipa, na mzoga huwa wake. Haikutajwa kwamba alimsukuma mnyama, wala kwamba mnyama alikuwa na macho na angeweza kupita kando. Lakini shimo si sumu. Marabi walipofika kwenye mtu aliyeweka sumu mbele ya mnyama wa mwenziwe, katika Talmudi, traktati ya Bava Kamma, waliamua jambo la kushangaza kwa mtazamo wa kwanza: mahakama ya wanadamu haimtozi kitu, lakini mbele ya Mbingu ana deni. Hoja yao ni kwamba mnyama hakupaswa kula. Shimo humnasa mnyama anayekwenda zake, ilhali sumu inahitaji tendo la mnyama mwenyewe. Tena wakajadili ikiwa kilichowekwa ni kitu ambacho wanyama kwa kawaida hawakigusi, au ni kitu kinachofanana na chakula.

Mjadala huo unagusa moja kwa moja magamba ya kakao na punje za pumba. Mnyaa uliopandwa kuwa ua una utomvu unaochoma, na mbuzi waliokulia karibu nao huuacha. Wanyama wanaochunga hujifunza kwa kuonja kidogo, kuumwa kidogo, na kutorudia. Hiyo ndiyo shule yao. Ni haki kusema mbuzi aliyeukimbilia mnyaa mzima kala mwenyewe. Chambo kilichokolezwa molasi kimeivuruga shule hiyo kwa makusudi, kwa sababu kimetengenezwa ili ladha iseme chakula pale ambapo ndani yake pana mauti. Kwa kipimo cha marabi wenyewe, kadiri kitu kinavyofanana na chakula, ndivyo utetezi wa kwamba mnyama hakupaswa kula unavyopungua uzito.

Fikihi ya Kiislamu ilipita njia nyingine. Majalla, mkusanyo wa sheria za Kihanafi uliokamilishwa katika dola ya Uthmaniya mwaka 1876, inatofautisha mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Anayetenda kwa mkono wake hudhamini hata kama hakukusudia, na anayesababisha kwa mbali hadhamini isipokuwa kwa kukusudia au kuvuka mpaka wa haki yake. Watu hao wawili wakikutana katika tukio moja, hukumu humwelekea mtendaji. Katika sumu ya bustanini mtendaji ni nani? Aliyemeza ni mbwa. Lakini fikihi hiyohiyo inashikilia kanuni itokanayo na Hadithi, kwamba madhara anayoyafanya mnyama kwa nafsi yake hayahesabiwi kuwa kosa la mtu, kwa kuwa mnyama si mwenye kukalifishwa. Hana akili ya kisheria, na tendo lake halina uzito wa uamuzi. Ikiwa tendo lake halihesabiki anapomdhuru mwingine, ni vigumu kulihesabu anapojidhuru, halafu likageuzwa ngao ya mtu. Kauli ya "amekula mwenyewe" humpa mnyama hiari ambayo kila mahali pengine ananyimwa. Mtoto wa miaka miwili akimeza sumu ya panya hakuna anayethubutu kuitamka.

Kauli ya pili, ya kutokukusudia, ina watetezi wenye majina makubwa. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alipojadili kujihami alitofautisha kinachokusudiwa na kinachofuata nje ya kusudio, na wafuasi wake wakajenga juu ya hapo kanuni ya matokeo mawili: tendo jema lenye tokeo baya linaweza kuruhusiwa ikiwa ubaya haukutakiwa, haukuwa ndiyo njia ya kupatia wema, na haukuuzidi wema wenyewe. Sumu ya panya inaingia humo bila shida. Panya anauawa kwa kusudi. Paka aliyemla panya yule akafa ni tokeo la pembeni. Uzito wote basi unabaki kwenye sharti la mwisho, la uwiano, na hapo watu wengi hupita mbio. Dawa mpya za kuzuia damu isigande, kama brodifakoumu, hudumu ndani ya ini kwa miezi. Panya aliyekula Jumatatu huchukua siku kadhaa kufa, na siku hizo zote anatembea na sumu, akizidi kuwa mzito wa kukimbia na mwepesi wa kukamatwa. Paka, ambaye pengine aliletwa nyumbani kwa sababu ya panya haohao, ndiye wa kwanza kumkamata. Tokeo linalotabirika kiasi hicho ni taabu kuliita la pembeni.

Immanuel Kant naye haleti msaada mkubwa. Kwake, binadamu hana wajibu kwa mnyama moja kwa moja. Ana wajibu wa kutokuwa katili kwa wanyama kwa sababu ukatili huo huuchakaza moyo, na moyo uliochakaa hatimaye huwageukia watu. Hoja hiyo inamkamata anayempiga punda kwa fimbo. Mtunza bustani haimkamati hata kidogo, kwa sababu moyo wake haukuchakaa: alimwaga punje, akanawa mikono, akaenda kunywa chai. Anaweza kuua mbwa watatu wa jirani bila kuwa katili dakika moja. Nadharia ya maadili inayotafuta ubaya ndani ya moyo wa mtendaji tu haioni vifo vya aina hii. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliuweka mzani upande wa pili kabisa, kwenye uwezo wa kiumbe kuumia, na kwa hesabu yake degedege la mbwa linahesabika liwe limekusudiwa au la. Anachokosa Bentham ni namna ya kutenganisha bahati mbaya na kosa. Maumivu ni yaleyale kwa kilichotokea bila njia ya kukijua na kwa kilichoandikwa kwenye paketi.

Jibu lililokaa vizuri zaidi kuliko yote linatoka kwa Wajaini, ambao Afrika Mashariki wanajulikana zaidi kwa jamii ya Waoshwal wenye mahekalu Nairobi na Mombasa. Dini yao imefanya kutodhuru kiumbe hai kuwa nguzo ya kwanza, na kwa hiyo imelazimika kufikiri kwa makini kuliko nyingine kuhusu kuua bila kutaka, maana hakuna mtu anayetembea bila kukanyaga kitu. Katika Tattvartha Sutra, kitabu chao cha msingi kinachokubaliwa na madhehebu yao yote makuu, udhalimu dhidi ya uhai unaelezwa kuwa ni kuutoa uhai kwa tendo la uzembe. Neno la kuzingatia ni uzembe. Wanazuoni wao waliliendeleza mpaka mwisho wake: mtawa anayetazama anapoweka mguu, mdudu akajitupa chini ya wayo wake, hana hatia, anayetembea bila kutazama ana hatia hata siku ambayo hakuna mdudu aliyekufa.

Msimamo huo huigeuza kesi ya bustani. Hatia haianzii pale mbwa anapoanguka. Ilianza siku paketi ilipofunguliwa bila kusomwa, au ilipoachwa wazi kwenye banda la zana. Nyumba ya pili ambayo ilifanya vilevile lakini haina mbwa imefanya kosa lilelile na kuokoka kwa bahati. Kinyume chake, mtu aliyeuliza, akasoma, akaweka chambo ndani ya kisanduku kilichofungwa, kisha maji ya mafuriko yakakibeba, ana huzuni bila kuwa na hatia. Baina ya kusudi la Aquinas na maumivu ya Bentham pana nafasi ya uangalifu, na karibu vifo vyote vya sumu bustanini vinatokea katika nafasi hiyo.

Uangalifu nao una kipimo chake, ambacho ni elimu inayoweza kupatikana. Mkulima wa zamani aliyepanda mbarika uani hakuwa na njia ya kujua risini ni nini, ingawa mengi alikuwa akiyajua kwa vitendo: wavuvi waliotia utupa mtoni ili samaki walewe walifahamu vizuri mmea gani unawezana na kiumbe gani. Anayenunua dawa ya kiwandani leo ameuziwa na maandishi. Mfanyabiashara anajua zaidi kuliko mnunuzi, na ndiyo maana dini mbili za Bara Hindi hazikuliacha duka nje ya swali: Buddha aliwakataza wafuasi walei biashara tano, mojawapo ikiwa ya sumu, na Wajaini wameiweka biashara hiyo katika orodha yao ya kazi 15 zisizofaa. Dola huingilia kwa nadra na kwa kuchelewa. Uingereza ilipiga marufuku metaldehidi kutumika nje mwaka 2022, hasa kwa ajili ya wanyamapori na ndege, na chambo kilichobaki madukani kinatumia fosfeti ya chuma. Hiyo ni nafuu kubwa, ingawa chuma kingi nacho humdhuru mbwa aliyekula paketi nzima.

Kauli ya tatu, kwamba bustani ni yangu, ina nguvu ya kisheria kuliko zote. Majalla yenyewe inatoa mfano wa kisima: aliyekichimba katika njia ya watu bila idhini, mnyama akatumbukia, hulipa, aliyekichimba katika milki yake halipi. Kwa kipimo hicho, paka wa jirani aliyeruka ukuta amejiingiza mwenyewe. Lakini kisima hakimwiti mtu. Chambo chenye harufu tamu kinavuka ukuta kabla ya paka, na mwenye bustani aliyekiweka kando ya uwazi wa ua anaojua kuwa ndiyo njia ya paka amekaribia kuchimba barabarani.

Kuhusu mnyama wa nyumba yenyewe kauli hii ina udhaifu mbaya zaidi. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie viumbe wa ardhini. Kosa limeelezwa kwa pande mbili. Angemlisha, kufungia kusingekuwa kosa. Angemwachia, kutolisha kusingekuwa kosa. Alipoyashika maisha ya paka yote mkononi mwake, kila kilichokuwa ndani ya nyumba ile kikawa jukumu lake. Mbwa aliyezungushiwa ua na geti yuko katika hali hiyohiyo. Hakuichagua bustani, hawezi kuhama, na ulimwengu wake wote ni ule alioandaliwa. Umiliki unaotajwa kama kinga ndio hasa unaoleta jukumu. Sue Donaldson na Will Kymlicka, wanafalsafa wa Kanada, walifika karibu na hapo kwa njia ya siasa katika kitabu chao Zoopolis cha mwaka 2011, waliposema kuwa wanyama wa kufugwa wameingizwa katika jamii ya watu wakafanywa tegemezi, na kwa hiyo wanaidai jamii hiyo mengi kuliko mnyama wa porini.

Linabaki suala la mbwa, ambalo kwa Waislamu wa Pwani, walio Mashafii kwa sehemu kubwa, halikwepeki. Katika madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi, hauzwi, na aliyemuua hadaiwi fidia kwa kuwa hana thamani ya mali. Wahanafi wanaona vingine. Msikilizaji wa haraka atadhani basi sumu iliyomuua mbwa haina swali. Huko ni kuchanganya mambo mawili. Kutokuwa na bei kunaondoa deni kwa mwenye mbwa, hakuondoi haki ya mbwa. Aliyelieleza hilo kwa uwazi ni Mshafii, Izz ad-Din ibn Abd as-Salam wa Damasko na Kairo, aliyefariki mwaka 1262. Aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu: kulishwa hata wakizeeka au wakiugua pasiwe na manufaa tena, kutotwikwa wasichoweza, kutochanganywa na kinachowadhuru. Na Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa, haikungoja mbwa awe na thamani sokoni. Marabi walitenganisha hukumu ya wanadamu na ya Mbingu, na Mashafii kwa lugha yao wametenganisha dhamana na dhambi.

Mnyama akishakula, wajibu haujaisha, umebadilika sura. Haki ya kiumbe, kwa mafundisho ya Kiislamu, hukamilika kusamehewa pale kiumbe mwenyewe anaporidhia, na mnyama hana namna ya kuridhia. Kuna Hadithi isemayo kwamba hata kondoo asiye na pembe atalipiwa kwa yule mwenye pembe Siku ya Kiyama. Kwa hiyo toba ya mwenye bustani haiwezi kuwa maneno tu, na kwa bahati sayansi imeiachia kazi ya kufanya. Daktari wa mifugo hawezi kutibu vizuri asilolijua: vitamini K huokoa aliyekula sumu ya panya ya kuzuia damu isigande, ikitolewa kwa majuma kadhaa, lakini haina kazi kwa metaldehidi, inayohitaji dawa za kutuliza degedege na kushusha joto haraka. Jirani anayemwona paka wa mwenziwe akilegea huku akijua kilichomo kwenye kisanduku chake, akanyamaza kwa aibu au kwa hofu ya kudaiwa, ameongeza kosa la pili, na hili halina tena kisingizio cha kutokukusudia. Dalili za sumu ya panya kwa kawaida huchelewa siku tatu hadi tano. Katika siku hizo mnyama bado anaokoleka, na anachohitaji kutoka kwa aliyeweka sumu ni jina kamili la sumu hiyo, kama lilivyoandikwa kwenye paketi.